Mninga Wetu, Mng'ao wa Wengine

Leo twataka kusema juu ya polishi ya mbao. Twajua wako watakaocheka. Watauliza: je, Chama kimemaliza habari za maji, barabara na bei ya alizeti, hata gazeti lije kuzungumza habari ya kung'arisha meza? Twawaomba wawe na subira. Jambo hili laonekana dogo kwa sababu ile ile inayotufanya tupoteze fedha kila siku bila kujua, nayo ni kwamba hatulihesabu kuwa ni kazi.

Mtu na apite barabara kuu kutoka Manyoni mpaka Singida mjini, kisha aendelee mpaka Iramba. Ataona mafundi seremala chini ya miti na vibanda vya mabati, wamepanga vitanda, makabati na viti. Mbao ni nzuri. Mara nyingi ni mninga wa misitu ya Manyoni na Itigi, mti ambao watu wa nchi za mbali wautamani. Viungo vimekaa sawa, miguu haichezi. Lakini vitu hivyo vimeachwa vitupu, vina vumbi na alama za randa, kama mtu aliyevaa suruali mpya akasahau shati. Huja mchuuzi, akatazama, akatikisa kichwa, akanunua kitanda kwa bei ya mbao na misumari. Akifika nacho Dodoma au Dar es Salaam humpa kijana mmoja mwenye msasa, spiriti na tambara, na baada ya siku chache kitanda kile kile huuzwa kwa bei nyingine kabisa.

Sasa tuulizane. Nani aliyekata mti? Mtu wa kwetu. Nani aliyepasua, aliyekausha, aliyeranda, aliyetoboa matundu ya ndimi na kuunga? Mtu wa kwetu. Jasho la siku kumi ni letu, na faida ya siku tatu za mwisho ni ya mwingine. Wala hatumlaumu yule kijana wa mjini. Yeye anafanya kazi halali, na anaifanya vizuri. Twajilaumu sisi tuliouza kazi kabla haijaisha.

Mkoa huu umekwisha kujifunza somo hili mara moja. Zamani alizeti ya Singida ilitoka hapa ikiwa mbegu, ikarudi ikiwa mafuta ndani ya chupa. Leo mashine za kukamua ziko mjini na vijijini, na mafuta ya Singida yanajulikana nchi nzima. Huuzwa kandokando ya barabara hata msafiri wa basi akanunua dumu lake dirishani. Hakuna mtu mwenye akili awezaye kutuambia leo turudi kuuza mbegu peke yake. Basi kitanda kisichopakwa ni mbegu ya alizeti, na polishi ndiyo kinu chake.

Wako watakaosema kwamba vifaa vya kung'arishia ni vya watu wenye mitaji: pampu ya upepo, umeme, chumba kisichopitisha vumbi, na makopo ya dawa ya bei kubwa. Ni kweli kwa namna moja ya kazi, ile ya kupuliza. Lakini iko namna nyingine, ya zamani, ambayo haihitaji umeme wala pampu. Yataka mkono, tambara na uvumilivu. Hiyo ndiyo polishi ya shelaki, na ndiyo tunayotaka kuieleza kwa urefu kidogo, kwani wengi wameisikia kwa jina tu.

Shelaki si rangi iliyopikwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli. Ni utomvu wa mdudu. Huko India, hasa katika misitu ya Jharkhand, yuko mdudu mdogo sana, jamaa ya wale wadudu weupe wanaoharibu mihogo yetu. Hukaa kwa maelfu juu ya matawi ya miti, akafyonza maji ya mti na kutoa utomvu unaoganda juu yake kama gamba. Wakulima huyakata matawi, hukwangua magamba yale, huyaponda, huyaosha mpaka rangi nyekundu itoke, kisha huyayeyusha motoni ndani ya mfuko mrefu wa kitambaa. Utomvu unaochujika huvutwa ukawa kama karatasi nyembamba, ukapoa na kuvunjwavunjwa. Vipande hivyo, vyenye rangi ya asali au ya chungwa, ndivyo fundi anavyovinunua kwa kilo. Na mmoja wa miti inayomlisha mdudu huyo ni mkunazi, mti tuujuao sana hapa Tanzania. (Hatusemi kwamba watu wakamlete mdudu huyo. Mdudu mgeni si wa kuchezewa. Muhogo umekwisha kutufundisha.)

Tena shelaki si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Wazee waliofanya kazi posta na mahakamani waikumbuka lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia muhuri juu ya bahasha. Lakiri nzuri ya zamani ilitengenezwa kwa utomvu huu. Na mwaka 1928, Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, sahani zile nyeusi zilizorudi Zanzibar na kusikika pwani nzima zilikuwa za shelaki iliyochanganywa na unga wa mawe. Mpaka miaka ya 1950 santuri karibu zote za dunia zilikuwa hivyo, ndiyo maana zilivunjika kama sahani za udongo zikianguka. Basi utomvu uliobeba sauti ya Siti ndio huo huo fundi wa Ikungi anaweza kuutia juu ya kabati.

Kwa nini twasema inafaa Singida kuliko mahali pengi? Kwa sababu ya upepo. Kila mtu aliyekaa mkoa huu anajua upepo wetu wa kiangazi, jinsi unavyonyanyua vumbi jekundu na kulileta mpaka ndani ya sufuria. Fundi akipaka vanishi ya mafuta saa nne asubuhi, itakaa mbichi mpaka jioni au zaidi, na katika muda huo kila chembe ya vumbi la mtaa itakuja kulala juu yake. Akiigusa kesho yake, mkono wapita juu ya ngozi ya kenge. Hapo ndipo mafundi wengi walipokata tamaa, wakasema polishi ni kazi ya mjini. Lakini shelaki yayeyushwa katika spiriti, na spiriti huruka upesi. Mpako mwembamba hukauka kwa dakika chache, na vumbi likija lakuta mlango umefungwa. Na hewa yetu kavu ya kuanzia mwezi wa Mei mpaka Novemba, ambayo wakulima tunailalamikia, ni rafiki wa kazi hii, kwa maana adui mkubwa wa shelaki wakati wa kupaka ni unyevu. Ikipakwa siku ya mvua hufanya ukungu mweupe.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza mbao iwe kavu. Hapa twasema kwa sauti, kwa kuwa ndipo uwongo mwingi unapofanyika: hakuna polishi duniani itakayotengeneza mbao mbichi. Mninga una sifa ya kutulia sana ukikauka, haupindi ovyo wala haunywei sana; lakini ukiukata leo na kuuunga kesho, kiungo kitafunguka na polishi itapasuka pamoja nacho. Kisha msasa. Jina hili lenyewe ni letu: msasa ni mti wenye majani makavu yanayokwaruza, na wazee walisugulia mbao kwa majani hayo kabla karatasi ya dukani haijafika ikachukua jina lake. Fundi aanze na namba 120, aende 180, kisha 240, akifuata uelekeo wa nyuzi za mbao. Asikatize. Mkwaruzo uliokatiza hauonekani wakati mbao ni kavu, lakini polishi ikipita wajitokeza kama kovu usoni. Na afunge pua na mdomo, kwani vumbi la mninga huwasha na kubana kifua.

Vipande vya shelaki hulowekwa katika spiriti, kiasi cha gramu 250 kwa lita 1, ndani ya chombo cha kioo au plastiki. Chombo cha chuma hakifai, kwani huifanya dawa iwe nyeusi. Hukaa usiku kucha, hukorogwa kila mara mtu akumbukapo, kisha huchujwa kwa kitambaa. Watu wametuuliza kama gongo yaweza kutumika mahali pa spiriti. Haiwezi. Maji yake ni mengi, na shelaki na maji hawapatani. Na spiriti ya kuchomea, kwa upande wake, isionjwe na mtu yeyote hata kidogo. Mara nyingi imetiwa methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Wala isikaribishwe kwenye jiko, kibatari au sigara.

Mipako miwili mitatu ya mwanzo huenda kwa kufuata nyuzi. Ikikauka hupigwa msasa laini wa namba 320, kwa mkono mwepesi, mpaka uso uwe kama karatasi. Kisha ndipo sanaa inapoanza. Fundi huchukua pamba, hulowesha dawa, huifunga ndani ya kitambaa safi cha pamba kilichofuliwa mara nyingi (shuka kuukuu ni bora kuliko kitambaa kipya), akafanya furushi dogo linaloenea kiganjani. Chini ya furushi hutia tone moja la mafuta ili lising'ang'anie. Halafu husugua kwa mizunguko midogo, kisha kwa mfano wa namba nane, kutoka pembe hadi pembe, bila kusimama. Furushi likisimama juu ya mbao hata kwa kuhesabu moja, hunata na kung'oa kilichopakwa. Ndiyo maana mafundi hulishusha huku likienda na kulinyanyua huku likienda, kama ndege anavyogusa maji. Fundi hupitia uso wote mara nyingi, huacha mpaka kesho, huona kwamba polishi imezama katika vinyweleo vya mbao, na huanza tena. Mninga una vinyweleo vikubwa. Wataka subira zaidi. Siku ya mwisho hupita na furushi lenye spiriti kidogo sana, karibu kavu, ili kuyaondoa yale mafuta. Hapo ndipo mbao hufunguka, na mistari ya mninga, ya dhahabu na ya damu ya mzee, yaonekana kana kwamba iko chini ya maji.

Juu ya hayo yote hupakwa nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, ikasuguliwa kwa kitambaa kikavu. Hapa, ndugu zetu, tusimame kidogo. Nta ya nyuki! Misitu ya Manyoni na Itigi imejaa mizinga. Asali ya Singida yasifiwa kila maonyesho. Lakini nta je? Warina asali wangapi huitupa masega baada ya kukamua, au huiuza nta kwa mtu apitaye bila kujua inakwenda kufanya nini? Inakwenda, pamoja na mambo mengine, kung'arisha meza za watu. Mbao zetu na nta yetu huondoka katika mkoa huu kwa barabara moja, huonana mahali pengine, na hurudi kwetu zikiwa zimeoana bila sisi kualikwa harusini.

Hatutaki kudanganya wasomaji. Shelaki ina udhaifu wake, na fundi asiyeueleza kwa mnunuzi anajiharibia jina. Haipendi maji yaliyosimama. Glasi yenye baridi ikiachwa juu yake usiku huacha duara jeupe. Haipendi sufuria ya moto. Sabuni kali huila. Na meza ya baa isipakwe shelaki hata kidogo, kwani kilichoyeyushwa kwa kileo huyeyuka tena kwa kileo: glasi ya konyagi ikimwagika, meza nayo italewa. Kwa meza ya baa, ya jikoni, au mlango wa nje unaopigwa na mvua, tumieni vanishi ya mafuta na mvumilie vumbi. Shelaki ni ya kabati, kitanda, kiti cha sebuleni, meza ya ofisi, mimbari, fremu ya picha, sanduku la bibi harusi. Pia ikikaa miezi mingi imeyeyushwa huharibika ikakataa kukauka, basi iandaliwe kidogo kidogo.

Lakini udhaifu huo una upande wake wa pili, nao ndio sifa kubwa kuliko zote. Kwa kuwa huyeyuka tena, yatengenezeka. Vanishi za kisasa zikikwaruzika sharti ukwangue kitu kizima mpaka chini. Shelaki ikikwaruzika, mpako mpya huuyeyusha ule wa zamani kidogo, vikashikana vikawa kitu kimoja. Kijana mwenye chupa ndogo na tambara aweza kurudisha uso wa meza iliyopakwa kabla yeye hajazaliwa. Faida ya jambo hili haiko kwenye meza tu. Mninga hauoti kwa mwaka mmoja kama mahindi. Mti unaofaa kupasuliwa umekula miongo mingi ya mvua na moto. Kila meza inayotupwa kwa kuchakaa uso ni mti mwingine unaotafutwa msituni, na sote twajua kwamba wanaoutafuta hawana wote vibali. Meza inayorudishiwa uso mara tano huacha miti mitano imesimama.

Kuhusu ile dawa ya kupuliza, hatusemi ipigwe marufuku. Ni ya upesi, na mwenye oda ya vitanda mia hana namna nyingine. Lakini tumewaona vijana wakipuliza ndani ya banda lililofungwa, bila kitu puani isipokuwa kitambaa cha kofia, huku harufu ya tina ikiwafanya macho yatoke machozi. Tina hiyo mara nyingi ina vitu vinavyoumiza mapafu na ubongo vikivutwa siku baada ya siku. Ujira wa kijana kama huyo ni mdogo, na bado anaulipia kwa kifua chake. Na fedha nyingi za kazi ile huenda kununua makopo. Zinazobaki mkononi mwa mfanyakazi ni chache. Katika shelaki ni kinyume: dawa ni kidogo, mkono ni mwingi. Katika nchi yenye vijana wengi wanaotafuta kazi, sisi twaona kazi inayokula mkono kuliko kopo ni baraka, si hasara.

Mtu mwenye hila atatuuliza: mwasema tujitegemee, na shelaki yatoka India? Swali zuri. Ndiyo, yatoka India, na misumari nayo si ya Singida. Kujitegemea si kukataa kununua, ni kujua unachonunua na kuhakikisha kwamba sehemu kubwa ya kazi inabaki kwako. Kilo moja ya vipande vile huingia katika mfuko wa koti, na hutosha samani nyingi. Spiriti hupatikana kwa molasi ya miwa, na miwa tunayo Kilombero na Moshi. Mbao, nta na mkono ni vya hapa. Tena fedha zile chache ziendazo India hufika, kwa sehemu yake, kwa mkulima maskini wa msituni ambaye si tofauti sana na mrina asali wa Itigi.

Na kuna la kujifunza kwa hao hao Wahindi. Mwaka 1924, nchi yao ikiwa bado chini ya Mwingereza, ilianzishwa karibu na mji wa Ranchi taasisi ya kuchunguza utomvu huu wa mdudu, na taasisi hiyo imeendelea katika uhuru wao mpaka leo. Wamechunguza mdudu, mti, upikaji na matumizi, mpaka leo utomvu ule hupakwa hata juu ya vidonge vya hospitali, peremende na matunda. Mdudu mmoja amepewa shule yake! Sisi tuna nyuki, tuna migunga inayotoa gundi, tuna miti ya miombo yenye sifa zisizohesabika. Tuulize ni mara ngapi tumekaa kufikiri jinsi ya kuvipa vitu hivyo heshima ya namna hiyo. (Na kwa fundi aliyetuambia kwamba gundi ya mgunga yaweza kuwa shelaki: haiwezi, ndugu yetu. Gundi ile huyeyuka katika maji, si katika spiriti; mnunuzi akiifuta meza kwa kitambaa chenye maji ataifuta polishi yako yote.)

Sasa tuseme yatupasayo sisi wenyewe, maana ni rahisi kumlaumu mchuuzi. Ingieni katika ofisi zetu, za Chama na za Serikali, kuanzia kata mpaka juu. Mtaona meza gani? Katika nyingi mtaona meza za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, uliobandikwa karatasi yenye picha ya mti. Picha ya mti, katika mkoa wenye mti! Zimekuja kwa lori kutoka mbali. Mwaka wa kwanza zang'aa, mwaka wa pili pembe zimebanduka, mvua ikivuja kidogo zavimba kama mkate, na hakuna fundi duniani awezaye kuzirudishia uso. Kiongozi aketiye nyuma ya meza hiyo huwahutubia vijana wajiajiri. Vijana wamsikiliza huku wakiitazama meza. Zamani tuliiita hali hii kasumba, na hatuoni sababu ya kuibadilisha jina.

Jibu tunalopewa na wanunuzi wa ofisi ni kwamba samani za mafundi wetu "hazijamaliziwa." Tulipolisikia jibu hili mara ya kwanza tulikasirika. Tulipolitafakari tukaona nusu yake ni kweli, na ndiyo maana tumeandika makala haya. Fundi asingoje kununuliwa kwa kuhurumiwa. Lakini na mnunuzi asingoje fundi ajifunze kwa upepo. Oda ndiyo shule. Mwaka 2016, nchi nzima ilipohimizwa kumaliza upungufu wa madawati, mafundi walipata kazi nyingi kwa muda mfupi, na madawati yalipatikana. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini haraka ile ilileta mbao nyingine mbichi zenye mafundo yanayotoa utomvu, na mengi hayakupakwa kitu. Mtoto akachana sketi, daftari likanata. Mpako mmoja wa shelaki juu ya fundo la mbao ya msindano huuzuia utomvu kutoka. Ni kazi ya dakika tano. Na tangu wakati huo madawati hayo yangeweza kuwa somo. Tangu mwaka 2024 shule za sekondari zimeanza kupokea mkondo wa amali. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua jinsi mwalimu wa ufundi anavyohangaika kutafuta kifaa cha kufundishia. Dawati bovu ni kifaa. Msasa, spiriti, gramu mia chache za shelaki na shuka kuukuu vyatosha darasa zima kwa muhula.

Mikopo ya halmashauri ipo, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vingi huja kuomba kwa ajili ya bodaboda na kuku, navyo ni vyema. Twataka kuona kikundi cha wang'arishaji samani, na twataka hasa akina mama wawemo. Kazi hii haitaki nguvu za kubeba magogo. Yataka jicho na mkono usio na pupa, na mwenye mguu mmoja aweza kuifanya akiwa ameketi. Mtaji wake hauzidi ule wa banda la kuku. Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi, laweza kuwasaidia vikundi kuagiza shelaki pamoja, kwa kuwa mtu mmoja mmoja akitafuta nusu kilo dukani hulanguliwa. Nao mafundi wa mninga wakubali kumwita mng'arishaji kabla ya kumwita mchuuzi, na kumlipa sehemu yake bila kumsumbua. Tumesikia ya kwamba pengine hulipwa chakula cha mchana tu. Huo nao ni unyonyaji, hata kama mnyonyaji ni jirani.

Wakati unaofaa kuanza ni mwezi wa Juni, mavuno yakiwa ndani na hewa ikiwa kavu. Fundi anayejifunza asianze na kitanda cha mteja. Achukue vipande vya mabaki, avipake kumi, vinane atupe, viwili atundike ukutani mwa banda ili watu waone. Tawi lolote la mkoa huu lenye meza ya mbao halisi ofisini mwake, hata iwe imechakaa namna gani, limwite kijana huyo awe na meza hiyo kwa wiki moja, limlipe, na katibu aandikie magotini kwa siku hizo.